Kabla Hujamvusha Paka Mpakani

Mazungumzo ya leo nimeyatayarisha kwa ajili ya ndugu zetu wa wilaya za Tarime na Serengeti, lakini mkulima wa Rombo au wa Ngara naye anaishi karibu na mpaka, na akitega sikio hatapoteza kitu.

Leo tutazungumza juu ya paka. Naam, paka. Najua yuko mzee mahali fulani amekwisha kutikisa kichwa, anasema bwana mifugo ameishiwa maneno: ng'ombe wamekwisha, mbuzi wamekwisha, kuku wamekwisha, sasa amebakiwa na paka. Ngoja kidogo, mzee wangu. Paka ndiye askari wa ghala lako. Mwaka mahindi yanapokubali, panya nao hukubali, na mtu asiye na paka huomba kwa jirani, kwa mjomba, au kwa dada yake aliyeolewa mbali. Na ninyi watu wa Tarime, huko mbali mara nyingi ni Kenya. Wakurya wako huku na Wakurya wako kule. Mpaka umepita katikati ya ukoo mmoja, Sirari upande wetu na Isebania upande wao, na mtu anaweza kunywa chai huku na kula chakula cha mchana kule. Kwa hiyo paka huvuka. Mbwa huvuka zaidi, maana mbwa hafungwi kikapuni, humfuata tu mwenye ng'ombe. Na ugonjwa wa kichaa cha mbwa huvuka pamoja nao, bila kibali na bila kuulizwa na mtu.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe zamani kidogo, nilipokuwa bwana mifugo wa kata moja isiyo mbali na mpaka. Sitataja kijiji wala jina la mtu, kwa kuwa wenyewe bado wapo.

Mama mmoja alisumbuliwa sana na panya. Akaenda ng'ambo kumsalimu dada yake, na dada yake akampa paka jike mwenye mabaka, mnyama mzima aliyekwisha kujua kazi yake. Mama akamtia kikapuni, akafunika kwa kanga, akarudi nyumbani kwa njia ya panya. Siku hiyo njia ya panya ilipitisha paka! Mama huyu hakupita huko kwa sababu alikuwa anaficha kitu. Alipita kwa sababu ndiyo njia fupi, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba paka ana habari na mpaka.

Paka alifanya kazi vizuri sana kwa majuma matatu. Halafu asubuhi moja akaacha kula, akajificha uvunguni mwa kitanda. Mama alipoinama kumtoa, akamrukia na kumwuma mkononi. Akatoka mbio, akaingia ua wa jirani, na huko akamng'ata kidole mtoto wa kiume wa miaka minane. Vijana wakamfukuza, wakampiga akafa, wakamtupa kichakani.

Kesho yake mama alinijia akiuliza kama kuna mtu anayetega sumu kijijini, kwa kuwa paka wake alikuwa mzima kabisa kisha amebadilika ghafla. Nikaona kitambaa mkononi mwake. Nikamwuliza, "Mama, paka huyo alikuwa amechanjwa?" Akajibu, "Sijui, bwana mifugo. Dada hakuniambia, nami sikuuliza."

Siku hiyo hiyo tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapanda gari kwenda hospitali. Alichomwa sindano zote alizopangiwa. Mumewe aliuza mtamba ili zipatikane nauli na gharama nyingine, na mama yule yupo hata leo, analima.

Yule mtoto hakusema. Alikuwa amekatazwa kucheza na wanyama wa watu, naye akaogopa kuchapwa. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo kama la mwiba, na hakuna aliyeliona. Ulipopita mwezi mmoja na nusu akaanza kulalamika kwamba kidole kinamwasha na kumchoma, kidole kilichokwisha kupona. Siku ya pili homa, siku ya tatu akawa anashtuka kwa kila kitu. Nilifika kwao jioni. Alikuwa anaomba maji, na kikombe kikikaribia mdomo, koo linakaza na mwili wote unaruka. Alikuwa na akili zake, ananitambua, ananisalimu shikamoo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hakuna dawa, hapa kwetu wala Ulaya.

Basi, ndugu zangu, tangu siku ile neno "sikuuliza" halijanitoka masikioni. Na ndiyo maana nataka leo tuulize pamoja.

Swali la kwanza: paka yule alikuwa mzima majuma matatu, sasa ugonjwa aliupata wapi? Aliupata huko alikotoka, kabla hajatiwa kikapuni. Kirusi cha kichaa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimwuma mwenzake, kirusi huingia kwa jeraha na kuanza safari kufuata mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kifike kwenye ubongo. Safari hiyo katika mbwa na paka huchukua mara nyingi kati ya majuma matatu na miezi mitatu, na mara nyingine zaidi. Muda wote huo mnyama anakula, anacheza, anakamata panya. Ukimtazama huoni kitu. Hata mimi niliyesomea kazi hii nikimtazama sioni kitu. Kirusi kikishafika kwenye ubongo hushuka tena kwenye tezi za mate, na hapo ndipo mnyama anapokuwa hatari, siku chache tu kabla ya kufa.

Sasa mtaelewa kwa nini afisa wa mifugo wa mpakani hatosheki ukimwambia, "Afande, mtazame mwenyewe, mnyama mzima huyu." Uzima wa leo haumwambii lolote. Anachotaka kujua ni mambo mawili: mnyama huyu alichanjwa lini, na tangu siku hiyo zimepita siku ngapi.

Hizo siku ndizo watu wengi wanazozisahau. Mtu anataka kusafiri Jumamosi, anamleta paka kuchanjwa Ijumaa, anapata cheti chenye muhuri, anaona kazi imekwisha. Haijaisha. Sindano haiwi kinga siku ile ile, kama vile mbegu haiwi mahindi siku ya kupanda. Mwili wa mnyama unahitaji majuma kadhaa kujijengea nguvu ya kupambana na kirusi. Ndiyo sababu nchi nyingi zinadai chanjo ya kwanza iwe imetimiza siku 21 au 30 kabla mnyama hajavuka. Na mtoto wa paka au wa mbwa asiyetimiza majuma 12, chanjo yake haihesabiwi na nchi nyingi kwa ajili ya safari. Hapa kijijini, siku ya kampeni, mlete hata mdogo, atachanjwa. Ila kwa mambo ya mpaka, utarudia sindano akishatimiza umri.

Tuseme sasa wewe uko Nyamwaga au Mugumu, na unataka kumpelekea shemeji yako wa Kenya paka au mbwa, kwa haki kabisa. Utafanyaje?

Kwanza utamwona bwana mifugo wa kata, mapema, miezi miwili kabla. Mnyama atachanjwa, nawe utapewa cheti. Kisome hicho cheti, usikikunje tu na kukitia mfukoni. Kiwe na jina lako, rangi na umri wa mnyama, ni dume au jike, jina la dawa ya chanjo na namba iliyobandikwa kwenye kichupa chake, tarehe aliyochanjwa, tarehe kinga itakapokwisha, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Cheti kisicho na namba ya kichupa ni karatasi tu. Nimepata kuona cheti kilichoandikwa "paka mmoja mweupe" na ndani ya kikapu yumo paka mweusi. Mwenyewe akasema alibadili mawazo njiani!

Pili, nchi unakompeleka ndiyo mwenye nyumba, nayo ndiyo inayosema mgeni aingie vipi. Kenya hutaka kibali cha kumwingiza mnyama kutoka idara yao ya mifugo, nacho kipatikane kabla hujaondoka, si ukiwa umesimama mlangoni. Basi shemeji yako ndiye wa kukifuatilia huko, na katika kibali hicho yatakuwa yameandikwa masharti yote. Upande wetu utahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na ruhusa ya kumtoa mnyama nchini. Mambo haya yako chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Ofisi ya mifugo ya wilaya itakuongoza. Na anayemleta mnyama kutoka kule kuja huku afanye vivyo hivyo kwa kugeuza: kibali cha Tanzania kwanza, ndipo mnyama.

Tatu, pita Sirari, kwenye kituo. Maofisa wa nchi mbili wako mahali pamoja siku hizi, na mtu mwenye karatasi zake hakawii kama zamani.

Najua kuna atakayesema, "Bwana wee, karatasi zote hizo kwa paka!" Nami nitakubali kwamba ni kazi. Kwa mtu wa kijijini, safari ya kwenda wilayani ni siku nzima bila kupalilia, na hesabu ya nauli unaijua wewe kuliko mimi. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini kama huwezi karatasi zote, basi usimvushe mnyama. Omba paka kijijini kwako, umchanje. Panya wa Tarime hawatamwuliza uraia.

Sasa niseme kidogo juu ya nchi za mbali, kwa sababu ndugu zetu wa Serengeti wanaofanya kazi katika hoteli na kambi za mbugani huulizwa na wageni, na wapo vijana wetu waliohamia ng'ambo wanaotaka kumchukua paka waliyemwacha kwa mama. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka kwanza mnyama awekwe kidude kidogo chenye namba, kama punje ya mchele, chini ya ngozi ya shingo. Kidude kwanza, chanjo baadaye. Ukitanguliza chanjo, haihesabiwi. Halafu kwa mnyama anayetoka Tanzania, zikishapita siku zisizopungua 30 tangu chanjo, hutolewa damu ikapimwe katika maabara inayokubaliwa, kuona kama kweli kinga imo mwilini. Ikionekana imo, bado atangoja miezi 3 tangu siku ile ya kutolewa damu. Jumla ni miezi 4 na zaidi. Kwa nini miezi 3? Ni ule ule muda wa kirusi kutembea. Kama aliumwa kabla ya kuchanjwa, katika muda huo ataonyesha. Uingereza kwa miaka mingi haikupima chochote. Ilimfungia kila mnyama karantini miezi 6, kwa sababu hiyo hiyo. Marekani nayo imekaza masharti ya mbwa wanaotoka nchi zenye kichaa kingi, na Tanzania imo, tangu Agosti 2024. Kwa paka serikali yao kuu haidai cheti hicho. Kila nchi ina desturi yake. Anayekuuliza, mwambie aulize ubalozi wa huko anakokwenda kabla hajanunua tikiti.

Lakini tusiende mbali mno. Hapa hapa katika jamhuri yetu tunao mfano mkubwa kuliko wa Ulaya. Ndugu zetu wa Pemba walipambana na kichaa cha mbwa mpaka mwaka 2014 kikaisha kisiwani. Kisiwa kizima! Maji pande zote, mbwa hawezi kuogelea kutoka bara. Mwaka 2016 kikarudi. Wataalamu walipopima virusi na kufuata nyayo za ugonjwa, waliona kimeingizwa mara mbili, tena kwa mkono wa binadamu. Wanyama wenye ugonjwa walipandishwa chombo wakavushwa bahari, na bila shaka waliowavusha waliwaona wazima. Ikabidi kuchanja mbwa kisiwa chote, mara kwa mara, mpaka mwaka 2018 ndipo kikaisha tena. Kama bahari haikuzuia kitu, kijito kilicho kati yako na shamba la jamaa yako wa Kenya kitazuia nini?

Na sisi wa Mara tunajua upande mwingine wa habari hii, tena tunaujua kuliko watu wengi duniani. Wazee wa Ikoma, Natta na Robanda watakumbuka mbwa mwitu waliokuwa wakiwinda makundi makundi katika mbuga. Mwaka 1990 kichaa kilipatikana kwa mbwa mwitu wa Serengeti, na kufika mwaka 1991 makundi ya mbuga ile yalikuwa yametoweka. Mwaka 1994 ukaja ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa homa na mafua na degedege, nao ukaua kadiri ya theluthi moja ya simba wa Serengeti. Magonjwa ya mbwa wa kijijini hayo, yakatoka zizini yakaingia porini.

Basi mwaka 1996 ilianza kazi ya kuchanja mbwa katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti. Wengi mtakumbuka kipaza sauti juu ya gari, na watoto wakiburuta mbwa kwa kamba za katani mpaka uwanja wa shule. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Na hospitalini watu walioumwa na mbwa wakapungua. Hakuna kilichokuwa cha ajabu: ni sindano, daftari, na watu kukubali kuja.

Siri yake ni hii. Ugonjwa huu unatisha, lakini kwa kuenea ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Watafiti waliofuata kisa kimoja kimoja katika Serengeti na Ngorongoro waliona kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushee tu, hawafiki wawili. Wengi hawamwumi yeyote, wachache huuma wengi. Ni kama moto wa majani mabichi, ukiukanyaga kidogo unazimika. Kwa hiyo kijiji kikichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa pa kushika. Lakini mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Waliochanjwa wanakufa, watoto wanazaliwa bila kinga, na mwaka ukigeuka wale 7 wamebaki 5 au 4. Ndiyo maana tunarudi kila mwaka na kelele zetu za kipaza sauti. Na kijiji kimoja kikirukwa, hicho kinakuwa shina la moto. Mbwa mwenye kichaa amepata kukimbia kilometa 10 na zaidi, akiuma njiani. Yapo pia magonjwa yaliyoingia Serengeti kutoka wilaya za jirani baada ya kazi nzuri ya huko kufanyika.

Sasa mnaona kwa nini mama yule wa kikapu na kampeni ya kijiji ni habari moja. Mnyama asiyechanjwa aliyepitishwa kichakani anaingia katika wale watatu waliobaki.

Tatizo kubwa la kampeni lilikuwa ubaridi. Chanjo hupaswa kukaa kwenye jokofu, na jokofu halipo kila kata. Hapa kuna habari njema: imejaribiwa kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa, ikikaa miezi 6 katika joto la digrii 25, au miezi 3 katika digrii 30, bado inafanya kazi. Katika Mkoa wetu wa Mara umejaribiwa utaratibu wa kuweka chanjo vijijini katika vyombo vya kupoza visivyohitaji umeme, kwa namna ile ile mtungi unavyopoza maji, na wachanjaji waliofundishwa wakachanja wakati wowote wa mwaka badala ya kungoja siku moja ya kampeni. Tafadhali, jambo hilo lisikufanye ununue kichupa gulioni kwa mtu aliyekining'iniza kwenye baiskeli juani. Hujui kimepita katika joto gani, na cheti hutapata.

Paka nao waletwe siku ya kampeni. Huwa naona mbwa mia na paka wanne. Watu wanasema paka hakamatiki. Mfungie ndani usiku uliotangulia, asubuhi umtie katika kiroba au gunia la katani linalopitisha hewa, ufunge mdomo, uje naye hivyo hivyo; tutamchoma humo humo ndani ya gunia. Usimbebe mikononi katikati ya mbwa hamsini, atakuparua mpaka ujute.

Nimebakiza mambo mawili, nayo ni ya haraka.

La kwanza ni jeraha. Mtu akiumwa na mbwa au paka, au akiparuliwa na mnyama anayeshukiwa, usitafute kwanza mwenye mnyama ili mgombane. Osha. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Ukiwa na saa tazama saa. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata, mwingine asugue. Usitie pilipili, wala maji ya betri, wala usichome kwa chuma, wala usikubali kushonwa upesi. Halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo, na sindano zote utakazoandikiwa uzimalize, hata kama ya pili unajisikia mzima. Kama mbwa au paka aliyeuma yupo na anaweza kufungiwa bila hatari, mfungie siku 10 na umwite bwana mifugo. Akiishi zaidi ya siku hizo, hakuwa na kirusi katika mate siku alipouma, na daktari ataamua kama sindano ziendelee. Lakini mgonjwa asingojee siku 10 hizo ndipo aende. Akifa au akiuawa, msimtupe kichakani kama tulivyofanya kule kwetu. Mwiteni bwana mifugo, kwa maana kichwa chake kinaweza kupimwa.

Na watoto, jamani. Watu 4 hivi katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ulimwenguni ni watoto. Mwambieni mtoto leo hii, akisikia maneno haya na ninyi mkiwa mmekaa, kwamba akiumwa hatachapwa. Mwambie kwa mdomo wako. Akiumwa na paka wa watu aliyekatazwa, hatachapwa. Akivunja na chungu juu yake, hatachapwa.

La pili ni ng'ombe. Ng'ombe akiumwa na mbwa mwenye kichaa naye hupata ugonjwa huu. Utamwona anatoa mate mengi, anaunguruma kwa sauti iliyopasuka, hawezi kumeza. Wafugaji wengi hudhani amekwamwa na mfupa au gunzi, basi hutia mkono kooni. Usitie mkono! Mfunge mbali na wengine, mwite bwana mifugo. Maziwa yake yasinywewe. Akifa asichunwe, asigawanywe nyama hata kama jirani wanalalamika. Azikwe kwa kina.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi karibu na siku hiyo chanjo hutolewa katika wilaya. Ulizeni ofisi ya kata mapema tarehe na mahali, mkajiandae kwa kamba na magunia. Mwenye mnyama aliyetoka ng'ambo bila karatasi asiogope kumleta. Mimi sikuja kumshitaki mtu. Ataandikwa, atachanjwa, na mwenyewe ataambiwa amwangalie kwa muda gani.

Juma lijalo tutaendelea na ndigana kali na uogeshaji wa ndama, kama tulivyoahidi. Mpaka hapo, kwaherini.